Mvua Inyeshapo Juu ya Theluji

Sisi tuliozoea masika twajua kwamba mto hufurika kwa mvua ya siku zile zile. Katika nchi za baridi mto waweza kufurika kwa maji yaliyoanguka miezi mingi kabla, yakalala milimani yakiwa theluji.

Wengi hudhani kwamba mvua yenyewe ndiyo iyeyushayo theluji hiyo. Sivyo hasa. Kilo moja ya mvua yenye joto la digrii 10 za Sentigredi huyeyusha theluji kama gramu 125 tu. Mwenye kazi kubwa ni upepo wa joto ujao pamoja na mvua, umejaa mvuke. Mvuke ukigusa theluji hugeuka maji na kuacha joto lake pale pale: kilo moja ya mvuke huyeyusha theluji kilo saba na zaidi! Mwanzoni theluji hunywa maji kama sifongo, na watu wa bondeni hawaoni kitu. Ikisha kushiba, yote huteremka pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa Juni 2022 katika mbuga ya Yellowstone, Marekani. Mto Yellowstone ulipita alama ya mwaka 1918, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Barabara ya kwenda Gardiner ilikatika, nyumba ya wafanyakazi wa mbuga ikaanguka mtoni na kuelea kama mtumbwi, na wageni zaidi ya 10,000 wakahamishwa.

Kwa hiyo wapimaji wa huko hawatazami mawingu tu. Milimani wametandaza mifuko mipana yenye maji yasiyoganda. Theluji huilalia, na kwa uzito wake hujulikana ni maji kiasi gani yangali juu.