Ziara ya pwani: mwisho wa wiki unaozipa uhai klabu za matufe Uingereza

Inapofika mwezi wa Mei nchini Uingereza, na tena inapokaribia Septemba, mabasi ya kukodi huanza kuonekana Ijumaa asubuhi nje ya bustani za umma katika miji ya bara. Wanaoyapanda ni wanaume na wanawake ambao wengi wao wamestaafu. Mizigo yao ni ya siku mbili au tatu, lakini kila mmoja ana pia mkoba mdogo ulio mzito kuliko unavyoonekana. Ndani ya mkoba huo mna matufe manne.

Hao ni wanachama wa klabu za mchezo unaoitwa bowls, yaani mchezo wa kuviringisha matufe kwenye uwanja wa nyasi, na safari yao ni ya kwenda pwani kucheza na klabu za huko. Kwa mpita njia, hayo ni mapumziko ya wazee tu. Kwa klabu zenyewe, ziara hiyo ni kipimo cha uhai. Mwaka ambao viti vya basi havijai, ndio mwaka ambao viongozi huanza kuulizana iwapo klabu itafika muongo ujao.

Mchezo wenyewe

Msikilizaji anayeishi Uingereza huenda amewahi kupita kando ya ua wa miti iliyopunguzwa vizuri, akaona ndani yake uwanja wa nyasi fupi mno na watu waliovaa mavazi meupe wakitembea polepole. Sheria za mchezo wao si ngumu. Mchezaji husimama juu ya zulia dogo na kuviringisha tufe dogo, jeupe au la manjano, ambalo ndilo shabaha. Kisha pande mbili hupokezana kuviringisha matufe makubwa, kila upande ukijaribu kuyafikisha karibu na lile dogo. Duru ikimalizika, upande wenye tufe lililo karibu zaidi na shabaha hupata pointi moja kwa kila tufe lake lililolitangulia tufe bora la wapinzani. Baada ya hapo wachezaji wote hugeuka na kucheza kuelekea upande wa pili.

Ugumu umo katika tufe lenyewe. Si mviringo kamili, kwani ubavu wake mmoja umeundwa tofauti kidogo na mwingine. Kwa sababu hiyo haliendi moja kwa moja, bali hujipinda, na kadiri linavyopungua mwendo ndivyo linavyozidi kujipinda. Anayelenga shabaha bila kuzingatia jambo hilo hukosa kila mara. Kuna alama ndogo ubavuni inayoonyesha upande litakaoelekea, na mchezaji akilishika kinyume, tufe hukimbilia kwenye njia ya majirani mbele ya macho ya watu wote.

Uwanja ni tambarare, una urefu wa kati ya mita 31 na 40, na umezungukwa na mfereji mfupi. Kwa kawaida hugawanywa katika njia sita. Kaskazini mwa Uingereza kuna aina nyingine ya mchezo huu, ambayo uwanja wake umeinuka katikati, na mjini Blackpool, mji mwingine wa pwani, mashindano mashuhuri ya Waterloo ya aina hiyo yalianza mwaka 1907.

Nje ya Uingereza, mchezo huu umekuwemo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu ile ya kwanza ya mwaka 1930, isipokuwa mwaka 1966. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizowahi kupeleka wachezaji wake.

Kutoka marufuku hadi bustani za umma

Mchezo wa matufe ni mkongwe. Mjini Southampton, kusini mwa Uingereza, kuna uwanja ambao historia yake inarejeshwa hadi mwaka 1299. Hata hivyo, kwa karne nyingi haukuwa mchezo halali kwa kila mtu. Mwaka 1541, wakati wa utawala wa Mfalme Henry VIII, sheria iliwakataza mafundi, vibarua, wanagenzi na watumishi kuucheza, isipokuwa wakati wa Krismasi. Dola ilitaka watu wa kawaida wafanye mazoezi ya upinde na mishale, ambayo yangefaa vitani. Marufuku hayo yalidumu katika vitabu vya sheria hadi mwaka 1845.

Mambo mawili yaliufungulia mchezo milango. La kwanza ni mashine ya kukata nyasi, aliyoibuni Edwin Budding mwaka 1830, iliyowezesha nyasi kukatwa fupi na sawasawa bila mundu wala kondoo. La pili ni kazi ya William Mitchell, mwanasheria wa Glasgow huko Scotland, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1840 aliandika kanuni zilizokuja kuwa msingi wa mchezo wa kisasa. Chama cha mchezo huo cha Uingereza kiliundwa mwaka 1903, na rais wake wa kwanza alikuwa W. G. Grace, nyota wa kriketi wa zama zake. Wanawake waliunda chama chao mwaka 1931. Vyama hivyo viwili havikuungana hadi mwaka 2008, na chombo kilichozaliwa kikaitwa Bowls England.

Kwa nini pwani

Uhusiano wa mchezo huu na bahari unaanzia ardhini. Viwanja vingi vya zamani, hata vile vilivyo mbali na maji, vilitandikwa nyasi zilizokatwa kwenye fukwe za Cumberland, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mahali ambapo maji ya chumvi hupanda na kushuka. Nyasi za huko ni nyembamba, fupi na imara, na tufe huteleza juu yake vizuri.

Sababu kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kiuchumi. Reli za karne ya 19 zilileta umati wa wafanyakazi kwenye miji ya pwani. Sheria ya mwaka 1871 iliwapa Waingereza siku za mapumziko ambapo benki hufungwa, na sheria ya mwaka 1938 ikaendeleza haki ya likizo yenye malipo. Miji ya pwani ilijenga hoteli, bustani, kumbi za muziki na viwanja vya matufe ili kuwavutia wageni.

Kuanzia miaka ya 1960, ndege za bei nafuu zilianza kuwachukua wageni hao na kuwapeleka Hispania, kwenye jua la uhakika. Hoteli za pwani ya Uingereza zikabaki na vyumba vitupu, hasa kabla na baada ya miezi ya likizo za shule. Wastaafu hawafungwi na kalenda ya shule. Wanaweza kusafiri mwezi wa Mei au Septemba, na wanasafiri kwa makundi. Hoteli nyingi zilitambua hilo na zikaanza kutoa bei maalumu kwa klabu za matufe, yaani kitanda, kifungua kinywa na chakula cha jioni kwa malipo ya pamoja.

Mfano mzuri ni Worthing, mji ulio kwenye pwani ya kusini. Katika bustani yake ya Beach House Park kuna viwanja vilivyokuwa kitovu cha mchezo huu kwa miongo kadhaa. Mashindano ya dunia ya wanaume yalifanyika hapo mwaka 1972, na tena mwaka 1992. Fainali za kitaifa zilihamishiwa Royal Leamington Spa, mji ulio mbali na bahari, katika miaka ya 2010. Hata hivyo, mchezaji wa kawaida wa klabu ndogo ya bara bado huona fahari kuviringisha tufe kwenye nyasi walizokanyaga mabingwa wa dunia.

Mwisho wa wiki unavyokwenda

Maandalizi huanza majira ya baridi, wakati viwanja vimefungwa. Katibu wa ziara huziandikia barua klabu za pwani kuomba mechi, hutafuta hoteli na basi, kisha hubandika karatasi kwenye ubao wa matangazo ili watu waandike majina yao. Kazi hiyo haina mshahara, na mara nyingi hufanywa na mtu yule yule mwaka baada ya mwaka.

Kwa kawaida klabu hucheza mechi moja kwa siku, wakati wa alasiri, na kila mechi huchukua muda wa saa tatu hivi. Timu za watu watatu watatu hutumika sana. Iwapo njia zote sita zitatumika, kila klabu inahitaji wachezaji 18. Wenyeji huwapa wageni duru za majaribio kwanza, kwani hakuna viwanja viwili vinavyofanana. Kasi ya uwanja hupimwa kwa sekunde ambazo tufe huchukua kufika umbali wa mita 27 na kusimama. Nchini Uingereza kwa kawaida ni sekunde 10 hadi 12, ilhali Australia na New Zealand zinaweza kuzidi 15. La ajabu kwa mgeni ni kwamba sekunde zikiwa nyingi, uwanja huhesabiwa kuwa wa kasi, maana tufe linalosukumwa taratibu huendelea kuteleza kwa muda mrefu. Na pwani kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni upepo wa bahari, ambao unaweza kulifanya zoezi la mwaka mzima lisiwe na maana.

Baada ya mechi, pande zote mbili huketi pamoja kwa chai. Wenyeji huandaa mikate iliyojazwa nyama au mayai, na keki zilizookwa nyumbani. Manahodha husimama na kutoa hotuba fupi: mgeni husifu uwanja hata kama ulimtesa, na mwenyeji husifu uchezaji wa wageni hata kama walishindwa vibaya. Huuzwa tiketi za bahati nasibu ambayo zawadi zake ni chupa ya mvinyo au kisanduku cha chokoleti. Wakati mwingine huchezwa pia mchezo wa kuchangisha fedha: wachezaji wote husimama kuuzunguka uwanja, kila mmoja na tufe moja, na kwa ishara moja wote huviringisha kuelekea tufe dogo lililowekwa katikati. Aliye karibu zaidi hupata zawadi, na fedha zilizobaki hupelekwa kwenye shughuli za hisani.

Wasiocheza nao wana nafasi yao. Waume na wake wa wachezaji hutembea ufukweni au kwenye gati la matembezi, kama lile la Worthing lililofunguliwa mwaka 1862. Usiku, wote hukutana kwenye meza moja ya chakula.

Viti vya basi

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Wengi katika basi hilo wanaishi peke yao. Miongoni mwao wamo waliofiwa na wenzi wao, na ambao wasingeweza kuthubutu kwenda hotelini na kula meza moja bila mtu wa kuzungumza naye. Katika ziara hawahitaji kujieleza kwa nini wamekuja peke yao, kwani wamekuja na klabu. Upweke wa wazee umekuwa suala la kitaifa nchini Uingereza kiasi kwamba mwezi Januari mwaka 2018 serikali ilimteua waziri wa kushughulikia upweke, kufuatia kazi ya tume iliyopewa jina la mbunge Jo Cox, aliyeuawa mwaka 2016. Klabu za matufe zilikuwa zikiifanya kazi hiyo kwa miongo mingi bila kuipa jina. Mtu aliyelelewa karibu na mabaraza ya Lamu au Unguja, ambako wazee hukutana kila jioni kwa bao, kahawa na mazungumzo, hatashangazwa na jambo hilo.

Lakini klabu nyingi zinapungukiwa na wanachama. Wazee wanaofariki au kudhoofika hawapati warithi wa kutosha. Viwanja vingi ni mali ya mabaraza ya miji, na tangu bajeti za mabaraza hayo zilipobanwa baada ya mwaka 2010, klabu kadhaa zimetakiwa kubeba zenyewe gharama za kuvitunza. Uwanja wa matufe hauvumilii uzembe: katika msimu hukatwa karibu kila siku, na majira ya mapukutiko hutobolewa, hukwanguliwa na kumwagiwa mchanga. Mwaka 2020, janga la korona lilifuta ziara, na si kila klabu iliyoweza kuzirejesha.

Klabu isiyoweza tena kupata watu 18 hupunguza mechi, au huungana na jirani ili kukodi basi moja. Nyingine hugeuza ziara kuwa safari ya siku moja. Kila hatua ya namna hiyo huonekana ndogo, lakini klabu za pwani nazo huhisi pengo, kwa kuwa mauzo ya chai, vinywaji na bahati nasibu siku za wageni ni sehemu ya mapato yanayotunza nyasi zao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika viwanja hivi msemo huo una maana ya kifedha kabisa.

Jitihada zipo. Tangu mwaka 2022 Bowls England imekuwa ikiandaa mwisho wa wiki mmoja kila mwaka ambapo klabu hufungua milango na kumruhusu yeyote ajaribu bila malipo. Kuna pia wachezaji wasioona, wanaoelekezwa na wasaidizi kwa kutumia mfano wa uso wa saa: tufe liko upande wa saa ngapi, na umbali gani kutoka kwenye shabaha. Klabu nyingi humkopesha mgeni matufe, na kwa siku ya kwanza humtaka tu avae viatu vyenye soli bapa visivyoharibu nyasi.

Kwa Mswahili anayeishi katika miji hiyo, pengine jirani wa wazee hao au mtunzaji wa mmoja wao, mlango wa ua ule wa miti mara nyingi hauna kufuli alasiri za msimu. Na karatasi ya majina ya ziara ijayo, kwenye ubao ulio ndani, ina mistari mingi iliyo wazi.