Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Michezo ya Kuigiza ya Wageni Nchini Kenya

Mtu ahamiapo nchi ya mbali huchukua nguo zake, na pamoja na nguo huchukua desturi za kwao. Waingereza waliokuja kukaa Kenya walileta desturi nyingi, na mojawapo ilikuwa ile ya kuigiza michezo jukwaani baada ya saa za kazi. Walioigiza hawakuwa watu wa kulipwa mshahara kwa uigizaji. Walikuwa makarani wa benki, walimu, wauguzi, wakulima na maofisa wa serikali pamoja na wake zao. Yafaa tuichunguze desturi hiyo, maana inayo faida ya kuigwa, na inayo kasoro ya kuepukwa.

Kwanza, jinsi kazi yenyewe ifanywavyo. Wanachama hulipa ada ya mwaka, kisha huchagua halmashauri: mwenyekiti, mwandishi na mshika fedha. Halmashauri husoma michezo kadha wa kadha na kuchagua mmoja, na mwenye haki ya mchezo huo hulipwa fedha yake kabla ya kuonyeshwa. Mwongozi huwapima watu na kumpa kila mmoja sehemu yake. Baada ya hapo huanza mazoezi, jioni baada ya jioni, kwa majuma mengi. Aliye seremala hupigilia mbao za jukwaa. Ajuaye kushona hushona mavazi. Fundi wa umeme hushughulikia taa. Mmoja huketi kando ya pazia akishika kitabu, tayari kumnong'oneza yeyote asahauye maneno. Mwingine huuza tiketi mlangoni. Wote hao hawapati hata senti moja. Fedha ikibaki hutengeneza paa au hununua viti.

Kwa nini watu waliochoka na kazi za mchana wajitaabishe hivyo? Sababu ni upweke. Mgeni katika nchi ya ugenini hutamani kusikia lugha ya kwao ikisemwa vizuri, na kucheka mambo ambayo watu wa kwao huyacheka. Ndiyo maana wakati wa Krismasi vilabu hivi hupenda kuonyesha ule mchezo wa kuchekesha watoto, ambamo mwanamume mzima huvaa gauni na kuwa bibi kizee. Wahindi nao walikuwa na michezo yao. Na Kuldip Sondhi wa Mombasa, aliyekuwa mhandisi kwa kazi yake, aliandika michezo iliyopata kuchapishwa vitabuni.

Mombasa palikuwa na Little Theatre Club, na Nakuru palikuwa na Nakuru Players. Nairobi ilikuwa na vikundi kadhaa, mbali na thieta ya Donovan Maule, ambayo yenyewe ilikuwa ya wachezaji wa kulipwa. Mnamo Novemba 1952 ilifunguliwa Thieta ya Taifa ya Kenya, na mgeni wa heshima alikuwa Sir Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Majuma machache tu kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba, serikali ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari. Yaani mwezi ule ule ambao baadhi ya wakazi wa Nairobi walikuwa wakipiga makofi thietani, wengine walikuwa wakisakwa na askari na kutiwa vizuizini.

Hapo ndipo kasoro ilipokuwa. Nyumba iliitwa ya Taifa, lakini taifa lenyewe lilikuwa nje ya mlango. Lugha ya jukwaani ilikuwa Kiingereza na hadithi zilikuwa za Ulaya. Mwafrika aliyeonekana katika vilabu vile mara nyingi alikuwa mpishi au mfagiaji. Hata hivyo haifai kuwaweka wote katika kapu moja. Graham Hyslop, Mwingereza, alijifunza Kiswahili akaandika michezo ya Kiswahili, Mgeni Karibu na Afadhali Mchawi, iliyochapishwa mwaka 1957. Siku zile zile Henry Kuria, aliyesoma Alliance High School, aliandika Nakupenda Lakini. Shule ile ilizoea kuonyesha mchezo wa Shakespeare kila mwaka. Lakini vijana walipokwisha jua kazi ya jukwaa, walitaka kusema mambo ya kwao wenyewe.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika upesi kuliko jukwaa. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikitayarisha michezo miwili ya kupeleka Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika lililofanyika mwaka 1977. Mmoja ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo. Wa pili ulikuwa Betrayal in the City, wa Francis Imbuga. Wenyeji walipoomba nafasi katika Thieta ya Taifa, walipewa siku chache tu, kwa kuwa siku nyingine zilikuwa zimekwisha kutengewa kundi la dansi kutoka Ufaransa na mchezo wa nyimbo wenye asili ya Marekani. Miaka 13 baada ya Uhuru, mwenyeji alikuwa bado akibisha hodi nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata, wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga jukwaa lao la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Wachezaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji walisahihisha lugha ya mchezo. Mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, ulikuwa wa lugha ya Kikuyu. Ulianza tarehe 2 Oktoba 1977, na katikati ya Novemba ukapigwa marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Tena waliofanya hivyo hawakuwa wageni. Ilikuwa serikali ya wenyeji.

Lakini habari haikuishia hapo. Mnamo Mei 2022 mchezo ule ule ulionyeshwa katika Thieta ya Taifa yenyewe, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, na mwongozi wake alikuwa Mwingereza aishiye Nairobi. Safari hii ujuzi wa mgeni ulitumika kuisema hadithi ya mwenyeji, na wenyeji ndio waliojaza viti.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Dawa aliyoileta mgeni huyu si gauni la bibi kizee, wala si nyimbo za London. Ni ile desturi ya watu wenye kazi zao kuchanga fedha kidogo, kuchagua halmashauri, kuandika hesabu zao waziwazi, kufika kwenye mazoezi kwa saa iliyowekwa, na kufanya kazi kubwa pasipo kungojea mshahara. Watu wa Kamiriithu walionyesha kwamba sisi nasi twaweza hayo. Basi wewe karani, na wewe mkulima, mlio na ukumbi wa kanisa au darasa tupu siku ya Jumamosi, kusanyeni majirani mwanze. Andikeni kwa lugha ambayo bibi yenu aielewa, na mlango uacheni wazi.