Mtoto Akishikwa na Degedege Usiku

Degedege halichagui saa. Mtoto aliyekuwa na homa tangu jioni mara hugeuza macho juu, meno yakaumana, mikono na miguu ikatupwatupwa. Katika nyumba za kambini, ambako baba mara nyingi yuko lindoni au mbali kikazi, mama ndiye hujikuta peke yake mbele ya jambo hilo. Wiki hii twasema naye; na baba pia asikilize, kwani askari aliyefunzwa kumhudumia majeruhi hapana budi ajue kumhudumia mwanawe.

Tuitazame Karusandara, wilayani Kasese. Ni nchi tambarare chini ya milima ya Rwenzori, karibu na mto Mubuku na mashamba ya kumwagilia maji, na malaria ni adui wa kila siku. Kituo cha afya kipo, lakini hospitali za wilaya hiyo ziko mbali: Kilembe, Kagando, na Bwera iliyo karibu na mpaka wa Kongo. Tena njia si ya kutegemewa nyakati zote. Mwezi Mei 2020 mito ya wilaya, Mubuku ukiwamo, ilifurika, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Kwa hiyo dakika za kwanza ni za mzazi.

Mlaze mtoto ubavu juu ya mkeka, mbali na jiko, ili mate na matapishi yatoke nje yasimpalie. Mlegeze nguo za shingoni. Kisha tazama saa. Usimkandamize, wala usimtie kitu chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si maji, si mafuta, si vidonge. Watu husema atameza ulimi. Ulimi haumezeki, bali kijiko huvunja meno, na maji huingia mapafuni. Kumwagia maji baridi au kumfukiza moshi hakusaidii. Huko pwani ya Tanzania wako walioamini kwamba degedege ni ndege wa kishetani, na kwamba mtoto akipigwa sindano atakufa. Imani ya namna hiyo huchelewesha, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Mara nyingi degedege hukoma lenyewe kabla ya dakika 5. Likipita hapo, au likirudia, mtoto ahitaji dawa ya kulikomesha. Lakini hata likikoma, nenda kituoni usiku uleule. Ni kweli kwamba homa ya kawaida huweza kumletea degedege mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 bila kumdhuru; ila nyumbani hakuna awezaye kuipambanua na malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au upungufu wa sukari katika damu. Mkienda kwa pikipiki, awepo mtu wa kumpakata mtoto nyuma, uso wake ukielekea upande, mdomo ukionekana.

Huko kituoni usishangae muuguzi asipotafuta mshipa. Dawa ya diazepamu hutiwa kwa njia ya haja kubwa kwa bomba lisilo na sindano, na hufanya kazi upesi. Midazolamu hutiwa kati ya shavu na ufizi. Madaktari wa Mulago, Kampala, walizilinganisha dawa hizo mbili kwa watoto 330, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: diazepamu ilishindwa kwa watoto 43 katika kila 100, midazolamu kwa 30. Kushindwa maana yake degedege halikukoma upesi, au lilirudi ndani ya saa moja. Baadaye hupimwa damu, kutafuta malaria na sukari. Pasipo maji ya mshipani, muuguzi aweza kuweka sukari iliyoloweshwa kidogo chini ya ulimi wa mtoto asiye na fahamu. Nayo ni huduma ya kwanza wakati maji ya mshipani yanasubiriwa, si hila ya umaskini.

Mzazi ana kazi moja zaidi. Amweleze muuguzi saa degedege lilipoanza, lilichukua dakika ngapi, na dawa gani mtoto amekwisha kupewa. Hili la mwisho lisifichwe hata kama dawa ilinunuliwa dukani kimya kimya, maana diazepamu ikizidi huzuia pumzi, na muuguzi asiyejua kwamba mtoto ameshapewa aweza kumwongezea nyingine.