Karanga Zako Zinakuletea Faida au Zinakula Mtaji?

Leo tunaligusa lile swali ambalo wengi hatupendi kuulizwa, hasa mjomba anapolitoa mbele ya wageni: "Haya, ukimaliza shule utafanya nini?"

Wakati wa babu zetu jibu halikuwa gumu sana. Waliosoma walikuwa wachache, na aliyemaliza shule alikuwa na nafasi nzuri ya kupata kazi serikalini au kwenye shirika la umma. Miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yakabinafsishwa au yakafungwa, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Huku shule zikaongezeka. Mwaka 2023 peke yake, zaidi ya watahiniwa laki tano walifanya mtihani wa kidato cha nne Tanzania. Ofisi za kuwachukua wote hao hazipo. Kwa hiyo kama kaka yako ana cheti na bado yuko nyumbani, usimwite mvivu. Tatizo ni kubwa kuliko yeye.

Lakini kukaa tu nako kuna gharama zake, na si za mfukoni peke yake. Kijana aliyechacha muda mrefu hujiona hana thamani. Ni rahisi kuingia kwenye gongo, bangi au kamari. Ni rahisi pia kumkubali mtu mzima anayetoa chipsi na vocha leo, halafu kesho anadai mwili wako. Ndiyo maana gazeti la afya kama hili linaongea habari za mshiko.

UJASIRIAMALI NI KITU GANI?

Watu wengi wakisikia neno hili wanafikiria mtu mwenye suti na gari. Sivyo. Mjasiriamali ni mtu anayeona shida ya watu, akatafuta njia ya kuitatua, na watu wakawa tayari kumlipa. Basi. Mama anayeuza uji pale kituo cha daladala saa kumi na moja alfajiri ni mjasiriamali, maana ameona kwamba makondakta na abiria wanatoka nyumbani bila kula.

Chukua mfano mwingine. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengine walilalamika tu. Wengine walijiuliza: "Sasa watu watabebea nini sokoni?" Wakaanza kutengeneza na kuuza mifuko mbadala. Sheria ilikuwa ile ile kwa wote. Tofauti ilikuwa swali ambalo kila mmoja alijiuliza.

Fanya zoezi hili wiki nzima. Tembea na kidaftari kidogo. Kila ukisikia mtu analalamika, andika. "Hapa hakuna mtu wa kushona zipu." "Mchicha umepanda bei." "Simu imezima na hakuna pa kuchajia." Jumapili soma orodha yako, kisha jiulize: lipi kati ya haya ninaweza kulifanya, kwa ujuzi nilionao au ninaoweza kujifunza?

PIGA HESABU, USIPIGE RAMLI

Sasa tuingie kwenye kitu kinachoua biashara nyingi ndogo: hesabu. Tuseme umeamua kukaanga karanga na kuziuza wikiendi. Bei hizi ni za mfano, weka za mtaani kwako.

Umenunua kilo 3 za karanga kwa sh. 4,000 kila kilo. Hiyo ni sh. 12,000. Ukizichambua na kuzikaanga unabaki na kama kilo 2.7, ambazo zinatoa pakiti 54 za gramu 50. Unauza pakiti moja sh. 300. Zikiisha zote unapata sh. 16,200.

Wengi huishia hapo. Wanatoa 12,000 kwenye 16,200 na kusema: "Safi, nimepata faida 4,200!" Jioni hela imeshatumika.

Subiri kwanza, mshikaji. Mkaa je? Sh. 1,500. Chumvi 200. Karatasi za kufungia 1,000. Nauli ya kwenda sokoni na kurudi 1,200. Jumlisha na zile 12,000 za karanga: gharama yako halisi ni sh. 15,900. Faida ni sh. 300, yaani bei ya pakiti moja!

Na kama uliwapa washkaji pakiti nne "za kuonja", umetoa sh. 1,200. Mauzo yanashuka hadi 15,000. Hapo hujapata faida kabisa, umepata hasara ya sh. 900. Umefanya kazi siku nzima, halafu umelipia watu wale karanga zako. Ukirudia hivyo wiki baada ya wiki, mtaji unakwisha, na unaanza kusema umerogwa.

Ukishaandika hesabu, unaona pa kurekebisha. Mkiungana wanne mkanunua kwa jumla, huenda kilo ikashuka hadi sh. 3,300. Kilo 3 zinakuwa sh. 9,900. Mzigo akiuchukua mmoja wenu anayepita sokoni kila siku, ile nauli ya 1,200 haipo. Gharama sasa ni 9,900 na 1,500 na 200 na 1,000, jumla sh. 12,600. Ukiuza zote bila kugawa, faida ni sh. 3,600.

Bado swali moja: umetumia saa ngapi? Kama ni saa sita, umejilipa sh. 600 kwa saa. Wewe ndiye wa kuamua kama inatosha au utafute kitu kingine. La maana ni kwamba sasa unaamua ukiwa unajua.

Daftari lako liwe na safu nne tu: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Andika kila siku, hata sh. 50. Na pesa ya biashara ikae mahali pake. Mfuko mmoja ukibeba mtaji na hela ya soda, soda itashinda.

MTEJA WAKO ASIUGUE

Ukiuza chakula, umeshika afya ya watu mkononi. Karanga na mahindi yakihifadhiwa vibaya kwenye unyevu huota ukungu unaotengeneza sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii hushambulia ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi inaweza kumletea saratani ya ini. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Na usidanganyike: kukaanga au kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo unafanya nini? Nunua karanga zilizokauka vizuri. Chambua moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu, tupa. Usimpe hata kuku. Hifadhi mahali pakavu, juu ya kichanja, si sakafuni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kufunga. Na usifungie kwenye gazeti kuukuu au karatasi za mitihani, maana wino wake si chakula.

Utasema, "Nikitupa zile mbaya, faida inapungua." Kweli, inapungua leo. Lakini mteja akikuta karanga chungu mara moja, harudi, na atawaambia wenzake.

JIANDAE KWA SIKU MBAYA

Biashara ina siku za mvua. Angalia wafugaji wa kuku wa kienyeji. Kijana anaanza na mitetea mitatu, kila mmoja anaatamia mayai kumi hivi, baada ya siku 21 vifaranga wanatoka. Anapiga hesabu za Krismasi. Mara kideri kinaingia, ule ugonjwa ambao sehemu nyingine wanauita mdondo. Ndani ya siku chache banda linabaki manyoya.

Kideri hakina dawa ya kutibu. Kina chanjo. Kuna chanjo ya matone inayovumilia joto kuliko zile za zamani: kila kuku anawekewa tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, kwa hiyo majirani mkichanga na kuchanja siku moja, gharama kwa kila mtu inakuwa ndogo. Muone ofisa mifugo wa kata. Lakini chanjeni kuku wakiwa wazima. Ukingoja waanze kusinzia, umechelewa.

Somo hili si la kuku tu. Kila biashara ina kideri chake. Jiulize mapema: ni kitu gani kinaweza kuimaliza biashara yangu kwa siku moja, na chanjo yake ni nini?

MTAJI UTOKE WAPI?

Swali tunaloulizwa kila siku. Anza na kidogo ulicho nacho, kisha wekeni akiba pamoja. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviita VICOBA vina undugu na mpango ulioanza na kinamama wa Niger mwaka 1991. Wanachama wanakutana kila wiki, wananunua hisa, pesa inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Anayekopa anakopa kwa kipimo cha hisa zake, mara nyingi hadi mara tatu. Kila kitu kinasomwa mbele ya wote. Nyinyi mlioko shuleni mnaweza kujifunza mtindo huo kwenye klabu yenu, kwa viwango vidogo na mwalimu mlezi akiwepo.

Ukifika miaka 18, kuna mlango mwingine. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ukitaka ujuzi wa mikono kuna vyuo vya VETA. Kuhusu usindikaji, vifungashio na mashine ndogo, waone SIDO, shirika ambalo limekuwepo tangu mwaka 1973.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni mikopo ya "kausha damu" na ile ya haraka haraka kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nyingine hukudhalilisha kwa kutuma ujumbe kwa ndugu na marafiki zako.

Mtego wa pili ni "panda mbegu uvune mara mbili". Mwaka 2009 mpango wa DECI ulisimamishwa, na watu wengi walikwama na pesa zao ndani. Ukiambiwa faida yako itatoka kwa watu utakaowaingiza, kimbia. Hapo hakuna biashara.

Mtego wa tatu ni fataki. Anakwambia: "Nitakufungulia saluni, wewe njoo tu tuongee." Mkopo wa kweli una karatasi, riba inayojulikana na tarehe ya kulipa. Wa fataki hauna tarehe ya mwisho, na unaweza kukuachia mimba au virusi vya UKIMWI. Mwambie mzazi, shangazi au mwalimu unayemwamini. Unaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

NA SHULE JE?

Shule kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomuumiza mtoto wala kumzuia kusoma. Kama biashara inakufanya usinzie darasani, imeshakuwa kubwa mno kwako. Ipunguze. Hesabu, kemia na Kiswahili unavyosoma leo ndivyo vitakavyokusaidia kesho kusoma mkataba na kupima dawa ya mimea bila kuibiwa.

Na tuwe wakweli: ujasiriamali hauwezi kutatua kila kitu. Biashara nyingi ndogo hufa. Vijana bado wana haki ya kudai ajira, barabara na umeme wa uhakika. Lakini anayejua kuona shida, kupiga hesabu, kutunza neno lake na kuweka akiba, hata akiajiriwa atafaa, na akikosa ajira hatakaa mikono mitupu.

JIPIME

1. Ninajua gharama zangu zote, pamoja na nauli na muda wangu?
2. Kitu ninachouza, ningempa mdogo wangu ale au atumie?
3. Pesa ya biashara iko peke yake?
4. Ninajua kideri cha biashara yangu na chanjo yake?
5. Kuna mtu mzima ninayemwamini anayejua ninachofanya?

Kama umejibu "ndiyo" zote tano, poa sana, endelea. Kama "hapana" ni mbili au zaidi, usikate tamaa. Chukua daftari, rudi kwenye zile karanga, anza kuhesabu upya. Halafu mfundishe na mwenzako, maana mkinunua kwa jumla mtahitajiana.