TAA YA KUCHAJI ISIYOPOKEA CHAJI: UTARATIBU WA KUITAFUTIA KASORO

Katika vijiji vya Usukumani, ikiwemo kata ya Shishiyu wilayani Maswa, Mkoa wa Simiyu, nyumba nyingi zimejengwa kwa kutawanyika, na si kila kaya iko karibu na nguzo ya umeme. Kwa kaya hizo taa ndogo ya kuchaji kwa jua ni chombo cha lazima. Inapozimika, kaya hurejea kwenye koroboi, yenye moshi unaodhuru kifua na moto unaoweza kuunguza mtoto au paa la nyasi. Hivyo haifai kuitupa taa, wala kununua betri mpya, kabla ya kasoro yenyewe kujulikana.

Mfumo wa kuchaji una sehemu nne: paneli inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, waya na plagi yake, saketi inayodhibiti chaji, na betri. Ukaguzi uanzie kwenye paneli na kuishia kwenye betri, kwa kuwa kasoro za nje ndizo rahisi kuziona na kuzirekebisha bila gharama.

1. Paneli. Vumbi la kiangazi lipanguswe kwa kitambaa laini chenye maji. Paneli iwekwe mahali pasipo kivuli tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Seli zake zimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo kivuli cha tawi dogo juu ya seli moja chaweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Paneli iinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame. Taa yenyewe ikae kivulini, kwani joto kali huharibu betri.

Hesabu ifuatayo yaonyesha umuhimu wa jambo hili. Betri ya volti 3.7 yenye ujazo wa miliampea-saa 2,000 huhifadhi wati-saa 7.4. Paneli ya wati 2 ikipata jua kali kwa saa 5 hutoa wati-saa 10, nazo hutosha hata baada ya upotevu wa njiani. Ikipata nusu tu ya jua hilo, hutoa wati-saa 5, na betri haitajaa hata ikiwa nzima kabisa.

2. Waya na plagi. Waya hukatika zaidi karibu na plagi au pale unapoingia kwenye paneli, ingawa ganda la nje huonekana zima. Taa ikiwa imeunganishwa juani, waya uchezeshwe polepole. Kitaa cha kuonyesha chaji kikiwaka na kuzimika, kasoro iko hapo. Kutu na vumbi ndani ya tundu la kuchajia visafishwe kwa brashi laini kavu, taa ikiwa imezimwa.

3. Kubadilishana na jirani. Asiye na mita ya kupimia volti aazime taa ya aina ileile. Taa ya jirani ikichajika kwa paneli inayokaguliwa, paneli na waya wake ni vizima, na kasoro imo ndani ya taa. Isipochajika, kasoro iko kwenye paneli au waya. Vifaa vya aina tofauti visichanganywe, kwa kuwa volti zisizolingana zaweza kuunguza saketi.

4. Saketi na betri. Taa ikionyesha kuchaji kutwa nzima lakini ikazimika baada ya muda mfupi usiku, yumkini betri imechoka. Kitaa cha chaji kisipowaka kabisa, ilhali paneli na waya ni vizima, fundi akague tundu la kuchajia na saketi. Betri mpya iwe ya aina na volti zilezile za awali, kwa kuwa betri ya lithiamu na ya risasi hazichajiwi kwa namna moja.

Tahadhari zifuatazo zizingatiwe. Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala kutupwa motoni. Taa inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 isifunguliwe ikiwa imechomekwa, kwani baadhi yake hazina transfoma, na kila sehemu ya ndani yaweza kuua. Betri chakavu zitengwe na watoto, visima na mashamba.

Mwisho, taa yenye betri ya risasi isiwekwe miezi mingi ikiwa haina chaji. Ichajiwe mara baada ya kutumika, na walau mara moja kwa mwezi hata isipotumika, kwani betri ya namna hiyo ikikaa tupu huharibika bila kuguswa.