Taimingi ya Injini ya Petroli
Land Rover ya zamani, yenye distributa ya platini, imebeba nazi kutoka Nyamisati kwenda Kibiti. Ikifika kwenye mchanga mzito, injini inagonga. Eleza chanzo na marekebisho.

Usikimbilie kujibu "mafuta mabaya". Yawezekana, lakini kagua taimingi kwanza.

Petroli haiungui papo hapo. Chukulia inahitaji sekunde 0.002. Krankshafti ikizunguka mara 600 kwa dakika, kwa muda huo hugeuka nyuzi 7.2, kwa mizunguko 3,000, nyuzi 36 (kokotoa mwenyewe). Kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu. Ikiwahi mno, mgandamizo hupanda pistoni ingali inakuja juu: injini hugonga, hata pistoni kutoboka. Ikichelewa, gari hukosa nguvu na kuchemsha.

Rekebisha mwanya wa platini kwanza, maana huo nao hubadili taimingi. Silinda namba moja iwe kwenye mkandamizo, alama ya puli kwenye nyuzi alizotaja mtengenezaji. Unganisha balbu kati ya waya mwembamba wa distributa na bodi, fungua swichi. Legeza distributa, izungushe kufuata rota hadi balbu izime, kisha irudishe taratibu. Balbu inapowaka tu, kaza.