Bustani ya Mboga Kabla ya Masika: Pesa Iende Wapi Kwanza

Masika ya pwani hushika kati ya Machi na Mei. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuanza bustani ya mboga nyumbani, wiki chache kabla ya mvua hizo ndizo zenye nafuu kuliko zote, kwa kuwa maji yatashuka yenyewe bila bili. Tatizo ni mpangilio wa manunuzi. Wengi huanza na pakiti za mbegu zenye picha nzuri, wakaja kwenye vyombo, wakaja kwenye mbolea, na maji wakayakumbuka Juni mvua zikishakatika. Mimi ningeanza na maji. Mbegu unanunua mara moja, jembe unanunua mara moja, lakini maji unayalipia kila siku mboga inapokuwa shambani.

Chukua tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Upana usizidi hapo, mkono upate kufika katikati bila kukanyaga udongo. Siku za jua kali, mboga za majani kwenye mchanga wetu hutaka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba, yaani dumu moja la lita 20 kwa tuta zima. Kwa mwezi ni madumu 30, lita 600. Mwenye mita ya maji ya DAWASA hamalizi hata uniti moja, maana uniti ni lita 1,000. Atazame bei ya uniti kwenye bili yake, ataona mzigo ni mdogo. Anayenunua maji ya mkokoteni ana hesabu nyingine kabisa. Tuseme dumu ni shilingi 200, nawe weka bei ya mtaani kwenu: hapo ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Tuseme pia tuta likitunzwa linatoa mboga ya milo 13 kwa mwezi, na mboga ya mlo mmoja gengeni ni shilingi 500. Umeokoa shilingi 6,500. Ukitoa maji zinabaki shilingi 500, na hapo samadi hujaigusa.

Kwa hiyo anayeishi kwa madumu asilime kiangazi akitegemea kuokoa pesa. Alime wakati wa mvua, na kama ana bati lake, shilingi za kwanza ziende kwenye mfereji na pipa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 limepokea lita 800. Hata robo ikipotea kwenye michirizi, umebaki na lita 600, mwezi mzima wa tuta letu. Shida ni pa kuyaweka. Pipa la lita 200 ni siku 10 za kumwagilia, na siku 10 zinatosha kuvuka vile vipindi vya masika ambapo jua huchoma wiki nzima kabla mvua haijarudi. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo yasimwagwe uani. Ya sabuni ya unga yasifike kwenye majani tunayokula. Kisima cha maji ya chumvi, kama vilivyo visima vingi karibu na bahari, kijaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo: maharage huungua majani mapema, mchicha huvumilia zaidi.

Sasa mahali pa kupandia. Tuta la ardhini ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalosamehe makosa mengi, kwa sababu udongo wa chini hushika unyevu hata ukisahau kumwagilia siku moja. Wakati wa masika linyanyue kwa sentimita 20 hivi, mizizi isikae kwenye maji. Kiangazi fanya kinyume: chimba kidogo tuta liwe chini ya usawa wa njia, maji yasikimbie. Kazi hiyo haina gharama zaidi ya jasho.

Mpangaji asiye na uwanja atakimbilia kiroba, na hana kosa. Kiroba cha kilo 50 kinameza udongo wa madebe matatu hivi, kinakaa kwenye kona ya baraza yenye jua, na siku ya kuhama unahama nacho. Huko Kibera, Nairobi, bustani za magunia zilienea sana kuanzia 2008, na namna ya kuzijenga ni ile ile: nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hadi chini, miche juu na mingine kwenye matundu ya ubavuni. Gharama yake imejificha sehemu mbili. Kiroba hukauka haraka, hivyo siku za joto kinataka maji asubuhi na jioni. Na sandarusi hupasuliwa na jua, ukipata mwaka mmoja umefaidi. Mfuko wa saruji uoshwe vizuri sana kabla ya kutiwa udongo. Ndoo za rangi na madumu ya kemikali ziachie maua.

Kuna hizi stendi za chuma na vyombo vya kupachika ukutani vinavyouzwa tayari. Vinapendeza, na kwa mwenye ghorofa lisilo na ua vina maana. Lakini tupige hesabu kwa mfano ule ule: stendi ya shilingi 150,000, kwa mboga ya shilingi 6,500 kwa mwezi, itarudisha pesa baada ya miezi 23 hivi, hapo ukiwa hujalipia maji wala udongo. Fedha hizo zingetosha kuanzia tuta na pipa na zikabaki. Anayenunua stendi anunue kwa sababu anaipenda, asiambiwe kwamba inabana matumizi.

Jambo ambalo watu hawaliwekei bajeti kabisa ni kuku. Kuku wawili wa jirani wakiingia kwenye tuta la mchicha wenye siku 10, asubuhi moja tu inatosha kumaliza kila kitu, na ugomvi na jirani juu yake. Wavu wa kuku wa kuzungushia mita 10 unaweza kuwa ndiyo bidhaa ghali kuliko zote katika bustani ndogo. Anayepata makuti, matawi ya miba au fito za bure apunguze gharama hapo, ila asianze bila uzio.

Kwenye mbolea, usinunue mfuko wa kilo 50 kwa tuta moja. Samadi ya ng'ombe iliyooza, debe moja kwa kila mita ya mraba, inatosha kuamsha mchanga uliochoka, na inashika maji pia, jambo ambalo urea haiwezi. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi: nusu ya kiasi hicho, na ikae wiki kadhaa ipoe, la sivyo itaunguza miche. Wafugaji wa kuku wa nyama mara nyingi huitoa bure ukienda na viroba vyako. Urea, yenye naitrojeni asilimia 46, inauzwa kwa kupimwa kilo moja moja. Gramu 10 kwa mita ya mraba zinatosha kwa mara moja, kwa hiyo kilo moja ni dozi 25 za tuta letu. Ni bei rahisi kweli. Lakini mvua kubwa ikinyesha kesho yake kwenye mchanga, dozi yako imeshakwenda chini mizizi isikofika.

Ya kupanda? Anza na matembele. Mbegu yake ni vipande vya mashina vya sentimita 25 hadi 30 unavyopewa na jirani, vinashika vyenyewe mvua ikinyesha, na baada ya wiki chache unachuma, na unaendelea kuchuma. Mchicha huwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne. Anayeng'oa anavuna mara moja. Anayekata na kuacha shina la sentimita 10 anavuna tena mara kadhaa kwa mbegu ile ile, na akiacha mashina mawili yakomae ana mbegu za msimu ujao. Chainizi na sukuma wiki hutaka kitalu kwanza. Ukinunua miche michache tayari unaokoa mwezi mzima wa kusubiri, na kwa tuta dogo ningefanya hivyo. Bamia isiwe mbali na jiko: baada ya miezi miwili hivi huchumwa kila siku ya pili, ikichelewa inakuwa kamba.

Nyanya isianzwe Machi. Mvua huleta ukungu wa majani, na dawa ya ukungu inaweza kugharimu kuliko nyanya zenyewe. Mwenye hamu nayo asie kitaluni mwishoni mwa Mei, apandikize Juni hali ya hewa ikipoa, akijua kwamba tangu kusia hadi kuchuma ni zaidi ya miezi mitatu na kwamba kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini 2014, anasubiri. Dukani atapewa chotara au mbegu ya kawaida. Chotara huzaa sana ikilishwa vizuri, lakini ukipanda mbegu zake msimu wa pili hazitoi mmea kama mama yao, kwa hiyo utarudi dukani kila mwaka. Kwa miche sita ya nyumbani ningechukua Tanya au Tengeru 97, aina zilizotolewa Tengeru mkoani Arusha: nyanya moja nzuri ikiiva kabisa, kamua mbegu, zikaushe kivulini, na msimu ujao pakiti hainunuliwi.